Kopo la Biskuti na Mtungi wa Mwisho

Mjukuu wangu aliitwa Chungulia kabla hajang'oa jino la kwanza, na jina hilo lilitokana na kopo la biskuti. Lilikuwa kopo la bati, la duara, lenye picha ya biskuti juu ya kifuniko, na sijui ni nyumba gani isiyokuwa na kopo kama hilo. Ndani yake, bila shaka, hamkuwa na biskuti. Mlikuwa na sindano zangu, nyuzi, vifungo na mkasi mdogo. Mtoto alitumbukiza mkono huku macho yakiwa kwenye ile picha, akautoa na sindano imesimama kidoleni. Hakulia sana. Alikaa chini akalitazama lile kopo kwa chuki, kama mtu aliyesalitiwa na rafiki.

Tangu siku hiyo hakuna kitu alichokipokea kwa jina lake tu. Sufuria ataifunua. Mfuko ataufungua. Ukimpa chupa ya soda, atainusa kwanza, asije akawa anapewa mafuta ya taa. Mdogo wangu wa kike, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika tangu tulipokuwa wadogo, alisema mtoto huyu atatupa kazi ya kumwoza, maana siku ya harusi atataka bwana naye afunuliwe kifuniko aonekane ndani kuna nini. Jina likakaa.

Nilimlea mimi, kwa sababu binti yangu alifanya kazi mbali na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Wakati huo nilikuwa mfuaji katika hospitali kubwa ya mji wetu, kwenye chumba cha kufulia kilicho nyuma ya jiko. Niliishia darasa la saba, na sioni haya kulisema, maana nilimaliza nikiwa wa pili, na mwandiko wangu mpaka leo unasomeka kuliko wa madaktari wote niliowafulia makoti. Mtoto akitoka shule alikuja kunisubiri huko, katikati ya mvuke na sabuni. Mifuko ya nguo chafu ililetwa imefungwa, imeandikwa juu yake "mashuka". Sisi hatukumwaga mfuko kwenye mashine kabla ya kuufungua, kwa sababu mfuko ulioandikwa mashuka umewahi kutoa viatu, umewahi kutoa bakuli la chuma, na siku moja ulitoa meno ya bandia ya mzee aliyekuwa amewatuhumu wenzake wodi nzima. Chungulia ndiye aliyeyaona. Aliyabeba juu ya kijiko mpaka kitandani kwa mwenyewe, na mzee yule alimwita daktari mpaka siku aliyoruhusiwa.

Hakuwa daktari. Alisomea kompyuta, na hospitali ileile ikamchukua kwa mkataba wa majaribio. Walimpa meza kwenye chumba kilicho ubavuni mwa stoo ya mitungi ya oksijeni, chumba chenye feni inayolia kama mbuzi mwenye kikohozi.

Kazi yake nitaieleza, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Hospitali yetu haina mabomba ya oksijeni ukutani. Kila wodi ina mtungi mkubwa wa chuma uliosimama pembeni, na juu ya mtungi kuna geji yenye mshale. Mtungi ukijaa, mshale husoma mia na thelathini na kitu. Ukikaribia sifuri, mgonjwa aliyeunganishwa nao anabaki na hewa ya kawaida, ambayo kama ingekuwa inamtosha asingelazwa. Zamani mitungi iligawiwa kwa makelele. Wodi yenye muuguzi wa sauti kubwa ilipata, wodi yenye muuguzi mpole ilisubiri.

Chungulia akaandika programu ya kumaliza makelele hayo. Kila wodi ilituma kipimo cha geji yake kwa simu, programu ikavikusanya vipimo vyote na kuvipanga kuanzia kidogo kwenda kikubwa, na wodi yenye kidogo kuliko zote ikakaa juu kwenye skrini. Msukuma mitungi, bwana mmoja mnene asiye na maneno tuliyemwita Toroli, alisoma jina la juu akaenda. Baada ya hapo alisoma la pili.

Nilimwuliza mjukuu wangu ameiandika kwa lugha gani. Akasema kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Python. Nikamwuliza, huyo si ndiye chatu? Akasema ndiye huyohuyo, bibi. Nikamwambia chatu humeza mbuzi pamoja na pembe, hatafuni, haulizi. Sasa katika wanyama wote alioumba Mungu umeona huyo ndiye wa kumlisha vipimo vya wagonjwa? Alicheka mpaka akashika ubavu.

Mwaka huohuo mapafu ya mdogo wangu yalianza kumgomea. Alilazwa wodi ya wanawake, akawekewa mipira puani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akawa anasema sentensi fupi. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kikohozi. Nilistaafu zamani, lakini pale hospitali wananijua, nikawa naingia asubuhi na kutoka jioni bila kuulizwa na mlinzi.

Sasa kulikuwa na siku ambayo wageni kutoka wizarani walikuja kuitazama programu ya mjukuu wangu. Mkuu wa stoo, mwanamume aliyepiga viatu vyake rangi mpaka unajiona usoni, alikuwa ameisubiri siku hiyo kama bwana harusi. Mambo yakienda vizuri, yeye angepanda cheo na Chungulia angepewa mkataba wa kudumu. Hayo yote aliyasema waziwazi, tena mbele ya watu.

Yaliyotokea asubuhi hiyo kwenye chumba cha feni sikuyaona. Mjukuu wangu alinisimulia baadaye, na nilimrudisha nyuma kila mahali nilipoona anaruka.

Kulipokucha programu iligoma. Sababu yake ilikuwa adabu. Siku hizo wodi ya wanaume ilikuwa imepata muuguzi mpya, mzee mstaarabu, na watu wetu mnawajua, mtu hapendi kutoa namba kavu. Anaona ni kama kumtupia mwenzake kitu usoni. Wengine walikuwa wamezoea kuandika namba peke yake. Yeye akaandika "80 hivi". Kwa kompyuta, namba ni kitu kimoja na maneno ni kitu kingine, hata kama maneno hayo yana namba ndani. Chatu alipoambiwa alinganishe arobaini na tano na "80 hivi", aseme kipi kidogo, alikataa. Alisimama hapohapo, akaandika mistari ya malalamiko kwenye skrini, na orodha isitoke.

Chungulia alitaka kukichukua kipimo kimoja kimoja, akiangalie ni cha aina gani, akitoe namba yake, ndipo akipange. Ni kazi ya kukaa chini. Lakini mkuu wa stoo aliingia akiwa na simu sikioni. Alisema wageni wako getini, na hicho kinacholalamika kinyamazishwe, hayo mengine atayafanya baada ya chakula cha mchana. Mjukuu wangu alijaribu kumweleza. Mkuu alisema hajamwomba maelezo, amemwomba skrini safi.

Ndipo Chungulia akafanya kitu cha mkato. Aliiamuru mashine ivichukue vipimo vyote, namba na visivyo namba, ivisome vyote kama maneno. Ugomvi ukaisha papo hapo, maana maneno kwa maneno yanalinganishika. Orodha ikatoka, imenyooka, inapendeza. Mkuu akagonga meza kwa furaha. Akamtuma Chungulia akapange viti, na yule mtoto aliyefunua kila sufuria tangu utotoni akaondoka mezani bila kuchungulia.

Mashine ikiambiwa isome namba kama maneno, huzipanga kama kamusi inavyopanga maneno: inaangalia herufi ya mwanzo kwanza, haijali urefu. Kwa hiyo 110 inatangulia 45, kwa sababu moja inatangulia nne. Arobaini na tano inatangulia 60. Na 9, maskini, ambayo ni ndogo kuliko zote, inatupwa mwisho kabisa, kana kwamba ndiyo yenye hewa tele.

Mimi wakati huo nilikuwa nimekaa kando ya kitanda cha mdogo wangu. Geji ya mtungi wetu ilikuwa kwenye thelathini. Muuguzi wa zamu, binti mwembamba ambaye wote tulimwita Sista, alikuwa ametuma kipimo tangu asubuhi na akaniambia tusiwe na wasiwasi, thelathini huwa inawahi. Nikamwona Toroli anapita koridoni na mtungi mpya, anaelekea wodi ya watoto. Baada ya muda akapita na mwingine, anaelekea upasuaji. Nilitoka mlangoni nikamwuliza sisi je. Alisema kwa upole kwamba zamu yetu bado, skrini imewatanguliza wengine, na yeye anafuata skrini.

Niliwajua wale wengine. Asubuhi nilikuwa nimepita wodi ya watoto kumsalimia mfanyakazi mwenzangu wa zamani, na mtungi wao niliuona kwa macho yangu, mshale uko juu kule. Lakini muuguzi gani atakataa mtungi akiletewa? Waliupokea, wakauegesha ukutani, wakashukuru.

Mshale wetu ukashuka ishirini. Sista akatuma tena. Mdogo wangu alikuwa amefumba macho, lakini hakulala, maana kila nilipojisogeza vidole vyake vilinibana. Nilimwambia habari za majirani ili nimchokoze. Hakunijibu. Mtu yule, ambaye hata kwenye mazishi alikuwa akituchekesha, hakunijibu.

Ulipofika kwenye tisa, Sista alituma kipimo kwa mara ya tatu na simu yake ikaleta jibu. Aliisoma akakunja uso. Akaisoma tena.

"Bibi, mbona sielewi," aliniambia kwa sauti ndogo. "Inasema wodi ya wanawake nafasi ya mwisho."

Hewa yetu ilipokuwa kidogo kabisa ndipo tuliposhushwa mwisho. Sista akapiga simu stoo. Haikupokelewa, simu zote za huko zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya wageni. Yeye hakuweza kuondoka, wodi ilikuwa na yeye peke yake. Aliikaza kidogo koki ya mtungi ili kile kilichobaki kidumu, na nikaona kucha za mdogo wangu zinageuka rangi, kama aliyekuwa akichuma zambarau. Nilimwachia khanga yangu mkononi aishike badala yangu. Nikaenda.

Magoti yangu si ya kukimbia, lakini korido zile nimezisukumia vikapu vya nguo nusu ya maisha yangu na nazijua mahali pa kukata. Nilipofika kwenye chumba cha feni nilikuta wageni wamekaa kwenye viti vyenye vitambaa, mkuu wa stoo amesimama mbele yao akielekeza skrini kwa kalamu, na mjukuu wangu amesimama ubavuni amefunga mikono. Mkuu aliponiona alitabasamu kwa meno tu. Alisema, mama, tunaomba usubiri nje kidogo. Sikuwa nimekuja kwake.

"Chungulia," nilimwambia mjukuu wangu. "Geji ya bibi yako mdogo imefika tisa."

Aligeuka akaitazama skrini. Nilimwona macho yake yanatoka juu, kwenye wodi yenye mia na kumi, yanashuka mstari kwa mstari mpaka chini kabisa, wodi ya wanawake, tisa. Uso wake ukawa kama ule wa siku ya sindano.

Alisema mbele ya wote kwamba orodha ile si ya kweli. Alisema yeye ndiye aliyeiambia mashine isome namba kama maneno, kwa hiyo inapanga herufi, haipangi hewa. Hakumtaja mkuu. Mkuu akacheka kidogo akiwatazama wageni, akasema vijana wa siku hizi wanapenda mizaha. Hakuna aliyecheka. Miongoni mwa wageni alikuwamo mama mmoja mwenye miwani, daktari, naye alivuta kiti chake karibu na skrini.

Chungulia alimwuliza Toroli, aliyekuwa mlangoni, stoo imebaki mitungi mingapi.

Mmoja, alisema Toroli. Mingine yote ameshaigawa kama skrini ilivyosema, kuirudisha kutoka wodi za mbali kutachukua muda, na gari la kiwanda limepasuka tairi njiani.

Mimi nilikuwa nimeshaushika ule mtungi kwa macho. Nilitaka aseme tu, peleka. Lakini mjukuu wangu alikaa kwenye kiti, na leo nasema alifanya vyema, ingawa wakati ule nilitamani nimtie kofi. Kama namba zote zilikuwa zimepangwa ovyo, nani alijua kwamba hakuna mwingine chini yetu? Alimwambia Toroli aushike mtungi na asiende popote. Vidole vyake vikaanza kugonga. Aliifuta ile amri ya mkato. Aliiambia mashine: kilicho namba kichukue kama kilivyo, kilicho maneno kitafute namba iliyomo ndani yake, kisha vyote vifanye namba halisi na uvipange upya. Feni ilikohoa. Jasho lilimtoka kwenye pua na hakulifuta.

Orodha mpya ikatoka. Wodi ya wanawake, tisa. Lakini haikuwa ya kwanza. Juu yetu palikuwa na wodi ya wazazi, na mbele yake palisomeka moja.

Moja. Mkuu wa stoo ndiye aliyeamka kwanza, na sasa alikuwa amesahau wageni. Alikuwa na hofu ya kweli. Alisema huko kuna mama anajifungua na mtoto anayekuja, Toroli, wazazi, haraka. Toroli akainamisha toroli, magurudumu yakaanza kulia.

Ningesema nini? Kwamba wamwache mzazi na kichanga chake, wampe mdogo wangu kwa sababu tulilala kitanda kimoja tukiwa watoto? Nilishika ukingo wa meza. Niliona tu kile kitambaa cha khanga mkononi mwake.

"Simama," alisema Chungulia.

Toroli alisimama. Mkuu akamwambia msichana yule kwamba amekwisha kuharibu vya kutosha. Chungulia alikuwa anaitazama ile moja, kichwa amekiinamisha upande, jinsi alivyokuwa akitazama vifuniko vya sufuria.

"Geji haiwezi kusoma moja na wazazi wakakaa kimya," alisema, na sijui alikuwa anamwambia nani. "Hii moja ni nini?"

Alimwomba mmoja wa wageni apige simu wodi ya wazazi. Simu iliita, ikaita, hakuna aliyepokea. Yeye mwenyewe alirudi kwenye kile kilichotumwa na wazazi, kilichofika wakati anagonga, kabla mashine haijakigeuza, na hakuiuliza mashine ni ngapi. Aliiuliza ni kitu cha aina gani. Ni swali la mstari mmoja, aliniambia baadaye, fupi kuliko salamu. Mimi niliona ni refu kuliko foleni yoyote niliyowahi kusimama.

Mashine ikajibu. Chungulia akapumua.

"Si namba. Ni ndiyo."

Mkuu alimwuliza ana maana gani, na alieleza huku ameshaanza kuinuka. Wodi ya wazazi hawatumi ujumbe, wana kishikwambi chenye vitufe, na kimoja kimeandikwa: mtungi umejaa? Muuguzi wao alibonyeza ndiyo. Sasa katika lugha ile ya chatu, ndiyo huhesabiwa kuwa moja na hapana huhesabiwa kuwa sifuri. Ukiuliza kama ndiyo ni namba, mashine itakuambia ni namba, itaipitisha mlangoni bila kuikagua, na ukiipanga itakaa kati ya sifuri na mbili kama vile ilizaliwa hapo. Kwa hiyo ile moja haikuwa mtungi unaokauka. Ilikuwa mtungi uliojaa.

"Na ukikosea?" aliuliza mkuu.

"Nikikosea nimekosea mimi. Toroli, wanawake."

Yule bwana mnene sikujua kama anaweza kukimbia. Alikimbia. Lile toroli lilipiga kelele koridoni mpaka watu wakajibana ukutani. Mimi nilimfuata nikiwa na roho mkononi, na hata leo sikumbuki nilipitaje ngazi za jiko.

Nilipofika, Sista alikuwa na spana mkononi. Kubadilisha mtungi kuna kipande ambacho watu wa nje hawakijui: wa zamani umeshafungwa, mpya haujafunguliwa, na mgonjwa hana kitu. Kichwa cha geji kilikuwa kigumu kuingia. Toroli aliushika mtungi kwa mikono yote miwili kama anayemzuia ng'ombe. Mdogo wangu alikuwa amefungua mdomo na kifua chake kilikuwa kinapanda bila kushuka. Niliushika ule mkono wenye khanga. Haukunibana.

Kisha spana ikazunguka, mshale ukaruka juu, na ile sauti ya hewa ikaanza. Sijawahi kusikia muziki wa kuilinganisha nayo. Tulisimama wote watatu, tukazitazama kucha zake. Zilichukua muda wao. Zilianza kurudi kwa kidole gumba.

Lakini bado kulikuwa na wazazi. Nilikaa pale nimefurahi na nimeogopa kwa moyo mmoja, nasikiliza koridoni kama kuna mtu atapiga yowe. Kama mtoto wangu yule alikuwa amekosea, basi mdogo wangu alikuwa anavuta hewa ya mtu mwingine. Aliyekuja hakuja mbio. Alikuwa yule daktari mwenye miwani. Alikuwa ameenda mwenyewe kwa miguu wodi ya wazazi wakati sisi tunakimbia. Alichungulia mlangoni, akaniambia mtungi wao umejaa mpaka juu, na kwamba hawakupokea simu kwa sababu mtoto alikuwa ndiyo kwanza anatoka. Wa kike, aliongeza, kama vile nimemwuliza.

Mkataba wa kudumu haukuja siku hiyo. Mkuu wa stoo alisema mbele ya wageni kwamba msichana ameiaibisha ofisi, na mbele ya wageni hao hao yule daktari alimwuliza nani aliyetaka skrini safi. Kilichoamuliwa ni kwamba Chungulia aendelee na majaribio mpaka aikamilishe kazi. Bado yumo humo. Mkuu hajapanda cheo, na wakikutana koridoni mkuu hugeuka kusoma matangazo ya ukutani, hata pale ambapo ukuta hauna tangazo.

Jioni moja Chungulia alikuja nyumbani akanisaidia kukunja mashuka, akanieleza alivyoifundisha mashine upya. Sasa kila kinachofika kinaulizwa kwanza: wewe ni nani? Swali la mwanzo ni kama ni ndiyo au hapana. Nikamwuliza kwa nini aanze na hao. Akasema akianza na namba, ndiyo atapita amevaa koti la namba, kama siku ile. Akishawatoa hao kando ndipo anauliza kama ni namba. Akishamaliza namba, anauliza kama ni maneno yenye namba ndani, hao kina themanini hivi. Na kisichojibu lolote hakitupwi wala hakikisiwi. Kinawekwa juu kabisa, kwa rangi nyekundu, juu hata ya mwenye tisa, na simu inapigwa mpaka mtu apokee. Nilimwuliza kama angeweza kuwaambia tu wauguzi waandike namba kavu. Aliniambia ameshawaambia, na yule mzee wa wanaume amemjibu kwa heshima zote kwamba atajitahidi hivi.

Mdogo wangu anaishi kwangu sasa. Ulimi wake umerudi, na umerudi na deni la siku zote ulizonyamaza. Kila mgeni anasimuliwa jinsi alivyokuwa tajiri wa hewa kuliko hospitali nzima, mpaka wakataka kumzika na utajiri wake. Chungulia akiingia, kabla hata ya shikamoo, bibi yake mdogo humnyooshea mikono yote miwili na kumwambia achungulie, aone kama ni yeye au ni kopo tu.

Anacheka. Lakini anaishika ile mikono, anaigeuza kwenye mwanga wa mlango, anazitazama kucha moja moja. Akimaliza ndipo anaamkia.